Mafunzo Niliyopata Nikiichora Fort Jesus Nikiwa Mitunguu

Mteja mmoja aliyewahi kuishi Mombasa aliniagiza picha ya Fort Jesus kwa rangi ya mafuta, akitaka ngome ionekane ilivyokuwa karne ya 19. Kazi hiyo ilinifunza haya.

1. Chagua mwaka kabla ya kushika brashi. Wareno walianza kuijenga ngome mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Waomani wakaitwaa Desemba 1698, baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu. Kusema “karne ya 19” peke yake hakutoshi: mwanzoni ngome ilikuwa mikononi mwa ukoo wa Mazrui, mwaka 1837 Seyyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, akaichukua, na Januari 1875 manowari za Waingereza zikaipiga mizinga ili kumtoa Al-Akida, kamanda wa ngome aliyemwasi Sultani wa Zanzibar wa wakati huo. Mimi nilichagua miaka ya 1850. Kwa hiyo bendera inayopepea ni nyekundu, ya Sultani wa Zanzibar. Mteja aliuliza Wareno wako wapi. Nilimweleza kwamba kufikia wakati huo walikuwa wameondoka zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na tukazungumza mpaka chai ikapoa.

2. Nenda ukaione. Kadi za posta huonyesha ukuta wa rangi moja, na hilo si kweli. Ngome imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, juu ya mwamba wa matumbawe. Upande wa bahari, jua la asubuhi huufanya ukuta uwe na wekundu mwepesi. Penye kivuli hugeuka kijivu chenye samawati. Bila tofauti hiyo, unene wa kuta hauonekani kabisa.

3. Rangi ya mafuta ina masharti yake. Haikauki kama maji; hukauka kwa kuvuta oksijeni, polepole. Tabaka la chini liwe na mafuta machache, la juu liwe na mengi zaidi, la sivyo picha itapasuka. Joto la hapa Mitunguu, Imenti Kusini, husaidia kukausha, lakini vumbi la malori ya ndizi hunasa kwenye rangi mbichi. Mimi huchora alfajiri, kisha nageuza kanvasi itazame ukutani.

4. Picha ya ngome hubeba moyo wa mchoraji. John Constable, Mwingereza, alichora kwa penseli magofu ya ngome ya Hadleigh mwaka 1814. Mkewe Maria alifariki Novemba 1828, na mwaka uliofuata akayarudia magofu hayo kwa rangi ya mafuta: mnara uliopasuka, mawingu mazito, mwanga kwa mbali baharini. Naamini hakuna picha ya ngome inayoishinda hiyo.

5. Tuwakumbuke wachoraji wasio na majina. Ndani ya Fort Jesus kuna michoro ya karne ya 17 iliyochorwa ukutani na Wareno waliokuwa humo, kwa rangi nyeusi na udongo mwekundu: meli na watu. Hawakuwa na kanvasi wala mteja, ila hamu ya kuonyesha walichokiona.

Walimu wa sanaa wa Imenti Kusini, mkipeleka wanafunzi Mombasa, msiishie kupiga picha langoni. Waingizeni ndani, muwaonyeshe michoro hiyo, kisha wapeni penseli na saa nzima ya kukaa mbele ya ukuta.