Choa na Mapunye: Dawa ya Mkono Haiponyi Kichwa

Baka la mviringo mwilini, lenye ukingo ulioinuka, magamba na mwasho, kwa kawaida ni choa. Likitokea kichwani na nywele zikakatika, huitwa mapunye. Yote mawili huletwa na fangasi wa jamii moja, wanaokula protini ya ngozi, nywele na kucha, lakini hayatibiwi kwa namna moja. Hapo ndipo kaya nyingi hupoteza pesa.

Kwa choa cha mwilini, osha ngozi, ikauke kabisa, kisha paka krimu ya klotrimazoli ya asilimia 1 asubuhi na jioni. Vuka ukingo wa baka kwa sentimita 2 hivi, maana fangasi hutangulia kwenye ngozi inayoonekana nzima. Mwasho ukipoa mapema, usiache. Tiba huchukua wiki 2 hadi 4, na upake walau wiki 1 zaidi baada ya baka kutoweka.

Krimu za mchanganyiko zenye steroidi kama betamethazoni, zile zinazouzwa kama dawa ya kila kipele, zikatae hata ukiambiwa jirani amepona. Zinapendwa kwa sababu hutuliza mwasho haraka, lakini huku nyuma fangasi huenea, na baka hupoteza umbo hata mganga akatatizika kulitambua. Maji ya betri na mafuta ya taa huunguza ngozi tu.

Mapunye ni ya zahanati. Fangasi wamo ndani ya unywele wenyewe, krimu haiwafikii, na kunyoa peke yake hakutoshi. Mtoto atapimwa uzito na kuandikiwa vidonge, mara nyingi griseofulvini, kwa wiki 6 hadi 8 au zaidi. Apewe pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta ili dawa ifyonzwe vizuri. Kichwa kikivimba na kutoa usaha, msikitumbue. Mpelekeni siku hiyohiyo.

Huku nyumbani, kagueni vichwa vya watoto wote, na paka mwenye manyoya yaliyonyonyoka pia. Kitana, taulo na kofia kila mtu awe na vyake. Mashuka na foronya zifuliwe kwa maji ya moto, zianikwe juani. Aliyeanza vidonge aende shule kama kawaida, ila kwa kinyozi asipelekwe mpaka apone.