Mkitembea Mjini: Picha za Madirisha ya Maduka

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya fedha, wakwe, watoto na maneno makali. Leo tuna somo jepesi kidogo, ingawa halikosi uzito wake. Tutajifunza jinsi mume na mke wanavyoweza kutembea mjini wakipiga picha madirisha ya maduka yanayovutia macho. Msicheke. Someni hadi mwisho, kisha mjaribu.

Tuanze na jambo ambalo kila mwenye ndoa analijua. Mume na mke wanatembea Biashara Street, Nairobi, Jumamosi alasiri. Mama anapunguza mwendo mbele ya dirisha lenye vitambaa vya mapazia. Papo hapo baba anaongeza mwendo, anatazama saa, au anakumbuka kwamba matatu zitajaa. Mama hakuomba kitu. Alitaka kutazama tu. Lakini baba amekwisha kusikia ombi, na tena amekwisha kulikataa. Wakifika Luthuli Avenue mambo yanageuka. Sasa ni baba aliyeganda mbele ya redio na spika, na mama ndiye anayemvuta mkono. Wanarudi nyumbani kila mmoja na kinyongo chake, na hakuna aliyenunua hata kiberiti.

Wahenga walisema macho hayana pazia. Tena dirisha la duka limepangwa makusudi ili mpita njia asimame. Hiyo ni kazi yenye mafundi wake na vitabu vyake tangu zamani. Mmarekani L. Frank Baum, yule aliyewaandikia watoto hadithi ya mchawi wa Oz mwaka 1900, mwaka huohuo alitoa kitabu cha kuwafundisha wenye maduka namna ya kupamba madirisha yao. Basi mwenzako akisimama, usimwone ana tamaa. Aliyepanga dirisha lile amefaulu kazi yake.

Shida ni kwamba katika nyumba nyingi kutazama kumegeuka kuwa kudai. Kamera yaweza kusaidia hapa, kwa sababu humpa mtu sababu nyingine ya kusimama. Anayepiga picha hajaomba pesa, ameomba dakika mbili. Na dakika mbili, hata tarehe 28 ya mwezi, hakuna asiye nazo.

MZEE WA PARIS

Tusidhani huu ni mchezo wa vijana wenye simu. Mmoja wa wapiga picha wanaoheshimiwa sana duniani, Mfaransa Eugène Atget, alizunguka mji wa Paris kwa zaidi ya miaka 25 akipiga picha mitaa, milango, ngazi, wachuuzi na madirisha ya maduka. Alizaliwa mwaka 1857, akafiwa na wazazi angali mtoto, akawa baharia, halafu mwigizaji ambaye hakufika mbali. Kazi ya picha aliianza akiwa mtu mzima. Kamera yake ilikuwa sanduku la mbao lenye kusimamishwa juu ya miguu mitatu, na mahali pa filamu alitumia vipande vya kioo vya sentimita 18 kwa 24. Mzigo wote ulikaribia kilo 20, naye aliubeba mwenyewe. Mara nyingi alitoka asubuhi na mapema, kabla watu hawajajaa barabarani.

Mwaka 1912 alipiga picha duka moja la boulevard de Strasbourg lililouza yale mavazi ya ndani ya kubana kiuno. (Akina mama wa siku zile waliteseka!) Mavazi yamepangwa kiooni safu kwa safu, na mengine yananing'inia nje mlangoni, kama vile nguo zinavyotundikwa kwenye maduka ya River Road. Mwaka 1925 alipiga nyingine, avenue des Gobelins, ya sanamu za wanaume waliovalishwa suti na kubandikwa bei. Juu ya kioo hichohicho imeingia sura ya jengo la ng'ambo ya barabara pamoja na miti yake. Ukiitazama, hujui kama wanaume wale wako dukani au wamesimama nje chini ya miti.

Atget hakujigamba. Aliwauzia picha wachoraji waliohitaji mifano, na makumbusho na maktaba zilizotaka kuhifadhi sura ya mji wa kale. Mwaka 1920 aliiuzia serikali ya Ufaransa vioo vya picha zaidi ya 2,600. Mwenzi wake aliyeishi naye miaka mingi, Valentine Compagnon, aliyekuwa pia mwigizaji, alifariki mwaka 1926, na Atget mwenyewe akamfuata Agosti 1927. Kijana mmoja Mmarekani, Bi. Berenice Abbott, alinunua vioo na picha zilizobaki nyumbani kwake, akazitunza miaka 40, na mwaka 1968 jumba la makumbusho ya sanaa za kisasa la New York likazichukua. Vitu vya kawaida kabisa, nguo na bei zake, vimekuwa hazina. Fikirini nanyi duka mlilonunua sare ya kwanza ya shule ya mtoto wenu wa kwanza. Je, bado lipo? Nani ana picha yake?

KAZI YA WATU WAWILI

Anayejaribu kupiga picha dirisha la duka mchana atashangaa kuona amejipiga picha mwenyewe, pamoja na matatu na jengo la nyuma yake. Sababu ni hii. Kioo cha kawaida, hata kiwe safi namna gani, hurudisha kama sehemu 8 kwa 100 za mwanga unaokipiga. Zaonekana chache. Lakini jua la mchana lina nguvu kuliko taa za dukani mara mia na zaidi, kwa hiyo hata kile kidogo kinachorudi hufunika vilivyomo ndani.

Dawa ya kwanza ni kuisogeza simu hadi iguse kioo. Hapo hakuna nafasi ya mwanga wa nje kupenya. Zimeni ile taa ya kamera inayomulika, maana itarudi machoni pa kamera yenyewe, kisha mguse kwenye simu kile kitu mnachokitaka, isije ikakazia macho vumbi la kioo.

Lakini ukigusa kioo hulipati dirisha zima. Ukitaka dirisha zima lazima urudi nyuma, na hapa ndipo mwenzi anapohitajika. Mmoja apige picha, mwingine asimame nyuma yake ametandaza leso au koti la rangi nyeusi kwa mikono miwili. Kitu cheusi hakirudishi mwanga kwenye kioo, na pale kilipokingwa vitu vya dukani hujitokeza kana kwamba mtu amefungua mlango. Mwenye leso atasema, “Baba watoto, bado?” Naye atajibu, “Inua kidogo upande wa kulia.” Wapita njia watacheka. Acheni wacheke. Ni lini mara ya mwisho mlifanya kazi moja kwa mikono minne, mkitazama kitu kimoja?

Mwenye leso ana kazi ya pili: kutazama barabara. Anayepiga picha haoni nyuma yake, na mjini simu hunyakuliwa upesi. Simu ishikwe kwa mikono miwili, na mfuko wa mama uwe mbele.

Kuhusu saa, mawingu ni rafiki. Nairobi ya Julai, ile ya baridi na anga la kijivu, yafaa sana. Kutoka Aprili hadi Agosti jua la adhuhuri hukaa upande wa kaskazini kwetu, hivyo madirisha yanayotazama kusini huwa kivulini. Kutoka Novemba hadi Januari ni kinyume chake. Saa nzuri kuliko zote ni mara tu jua linapozama, taa za maduka zikiwa zimewashwa na anga likiwa bado na buluu. Lakini machweo yetu ni mafupi, kama dakika 20 tu, na baada ya hapo kila mwenye akili anatafuta stendi ya matatu. Wanaoishi miji midogo wana nafasi zaidi.

Msidharau duka lisilo na kioo kikubwa. Duka lenye vitu vitatu vilivyomulikwa vizuri huuza ghali. Lililojaza ndoo, vitambaa na viatu hadi darini huuza kwa wengi, na mara nyingi lina picha nzuri zaidi. Mombasa nao wana Biashara Street yao, ambako leso hupangwa kwa wingi na kutundikwa. Mkiipiga leso picha, hakikisheni jina lake lasomeka, maana leso bila jina ni kitambaa tu.

Kuuliza si ujinga. Duka likiwa wazi, msalimieni mwenyewe au mlinzi na mwombe ruhusa. Akikataa, shukuruni mwende zenu. Siku hizi walinzi wa mjini wana sababu za kuwa waangalifu. Benki, vituo vya polisi, kambi za jeshi na maduka ya kubadilisha fedha yaacheni kabisa. Na kama fundi au mteja anaonekana ndani, ni mtu huyo, si sehemu ya pambo. Aulizwe.

MKIFIKA NYUMBANI

Watoto wakishalala, kaeni pamoja mtazame picha, zake na zako. Sehemu hii ndiyo inayonifanya niliandike somo hili katika ukurasa wa ndoa.

Wenzi fulani waliooana miaka 16 walifanya hivi kwa Jumapili tatu, wakitoka Misa ya pili. Picha za mume zilikuwa za kila namna: viatu, misumeno, keki ya harusi yenye ghorofa tano. Za mke pia zilichanganyika, lakini kila Jumapili, katika maduka tofauti, kulikuwa na cherehani. Mume akauliza, “Mbona cherehani?” Mke akanyamaza kidogo, kisha akasema aliacha kushona alipozaliwa mtoto wao wa tatu, na ile mashine ikauzwa kulipa karo. Mume alikumbuka karo. Mashine alikuwa ameisahau. Usiku ule hawakukata shauri lolote. Hakuna pesa ya cherehani iliyotokea mezani, nasi tusidanganyane. Lakini kwa mara ya kwanza yule mama alizungumza juu ya kazi yake ya zamani hadi saa sita ya usiku, na mumewe akasikiliza.

Angalieni sana hapa. Picha si hati ya madai. Mke asiibandike ukutani ya sufuria na kuinyoshea kidole kila jioni, wala mume asihesabu picha za mkewe na kusema, “Kumbe umenitamania duka zima!” Mkifanya hivyo, Jumapili itakayofuata mtarudia mwendo ule wa zamani, mmoja mbele na mwingine nyuma.

Maswali ya kuzungumza mkiwa wawili. Kati ya picha za mwenzako, ni ipi iliyokushangaza, na umemuuliza kwa nini aliipiga? Kuna kitu alichokipenda kabla hamjaoana ambacho hukukiona hata mara moja katika picha zake? Na mlipotembea mjini mara ya mwisho, nani alitangulia, na yule aliyebaki nyuma alikuwa akitazama nini?