SOMO: Kulinda Meza na Sakafu Tunapotumia Rezini



Vikundi vya akina mama na vijana vinavyotengeneza trei, hereni na vishikio vya funguo kwa rezini ya epoksi mara nyingi havina karakana. Hufanya kazi katika ukumbi wa usharika, juu ya meza zile zile ambazo Jumapili watoto watasomea. Kwa hiyo kikundi kinapoomba ukumbi, kamati iulize kwanza: mezani mtatandika nini?

Rezini huja katika chupa mbili, rezini yenyewe na kigumishi chake. Tone lililochanganywa kwa kipimo sahihi likimwagika, hukauka likawa gumu. Litaudhi, lakini baada ya kukauka kabisa halina madhara makubwa. Tone la chupa moja tu, au lililochanganywa vibaya, huenda lisikauke kamwe. Hubaki linanata, na anayeligusa anaweza kupata vipele na mzio wa ngozi, ambao ukishaanza ni vigumu kuondoka. Hilo ndilo la kuogopa penye watoto.

Magazeti hayafai, maana hulowa na kugandamana na meza. Tandikeni nailoni nzito ya mafundi ujenzi, kipande kimoja kisicho na tundu, kining'inie pande zote, na kingine sakafuni. Rezini haiishiki, ikikauka unaibandua. Vuteni mikunjo yote, kisha wekeni pima maji, kwa sababu meza ikiinama rezini humwagika nje ya kalibu usiku mmeshaondoka. Chupa zikae ndani ya beseni la plastiki wakati wa kupima, maana hapo ndipo wengi humwaga.

Ikimwagika, vaa glovu, futa mara moja kwa kitambaa kikavu, kisha pangusa meza kwa spiriti, madirisha yakiwa wazi na pasipo moto. Ngozi isafishwe kwa sabuni na maji, si spiriti wala thina. Mabaki mengi yakiachwa kikombeni hupata joto kali, hata kutoa moshi. Yapelekeni nje, juu ya saruji, si kwenye pipa la takataka.

Wafadhili wetu nao wajue kwamba bajeti nyingi hutaja rezini, rangi na kalibu, huku nailoni na glovu zikikatwa kama matumizi madogo. Andiko la namna hiyo mimi hulirudisha kwa kikundi, wakaongeze mistari hiyo miwili kabla halijafika kwenu.