Bustani ya Nyuma ya Nyumba

Somo la mwezi huu latoka nyuma ya jiko, mahali mama zetu wapandapo mboga. Mtu asidhani ya kuwa jambo hili ni dogo. Luther katika Katekisimo Ndogo, akieleza ombi la nne, ahesabu shamba pamoja na mkate wa kila siku; na katika Mwanzo 2:15 twasoma kwamba mwanadamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Kulima twajua sana. Kutunza ndiko kunakotushinda.

Sisi wenyewe tulikosa. Bustani yetu iko mteremkoni, kama bustani nyingi za Usambara, na ukingoni palikuwa na mstari wa mabingobingo. Tukaona majani yale yanakula nafasi, tukayang'oa, tukaongeza mstari mmoja wa kabichi. Masika ilipofika, mvua ya usiku mmoja ikachukua kabichi na udongo mweusi pia, ikavimwaga bondeni. Tope letu likaziba mfereji wa jirani, nasi ikatupasa kwenda kumwomba radhi. Kabichi hupandwa tena. Udongo ule haurudi kwa mwaka mmoja wala miwili.

Watu wa Mlalo wamerithi habari za namna hii. Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianza mpango wa kuhifadhi udongo huko, watu wakaamriwa kulima matuta. Kazi ilikuwa nzito, tena ya amri. Wengi wakachukia, na katika miaka ya 1950 mpango ukaachwa. Twadhani watu hawakuchukia udongo wao, walichukia kuamriwa.

Basi sisi tufanye kwa hiari. Matuta yakatize mteremko, yasishuke nao. Ukingoni pawe na mabingobingo: ng'ombe hula majani, na samadi hurudi bustanini. Kati ya mistari tandazeni majani makavu, ili matone ya mvua yasiupige udongo mtupu. Baada ya muda, yafunueni, mtaona nyungunyungu wakifanya kazi pasipo jembe. Na mnavu uotao wenyewe usitupwe wote pamoja na magugu, maana ni mboga.

Mkiwa mmeinama, tazameni. Kinyonga, ambaye wengi humwogopa na kumpiga mawe, hali mboga. Hula inzi na panzi. Tena milimani kwetu wako vinyonga wasioonekana penginepo duniani. Mtoto mmoja wa darasa la kipaimara alituuliza kwa nini maua mengine ya mboga hayazai. Tulijibu upesi kwamba ni ugonjwa. Baadaye tulijifunza ya kuwa yale ni maua ya kiume, na nyuki ndiye achukuaye unga wake kwenda kwa ua la kike. Ikatubidi kusahihisha jibu letu mbele ya darasa zima.

Liko na ua dogo la rangi ya zambarau, liotalo penye miamba yenye kivuli katika misitu ya Usambara. Baroni Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya ya Tanga zamani za Wadachi, aliliona mwaka 1892, akapeleka mbegu kwao; mwaka 1893 likapewa jina la Saintpaulia. Leo lapambwa madirishani Ulaya na Marekani, nasi hulipita tukienda kutafuta kuni, na kila msitu ufyekwapo makao yake hupungua.

Mabingobingo tumeyapanda tena. Vipande vya kupanda alitupa jirani yuleyule.