Nikatwe ada ya chama au nimtumie mama?

Shangazi,

Mimi ni kijana wa Tanga, niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamivu katika chuo kikuu kimoja cha umma jimboni California, Marekani. Nasoma, na papo hapo nimeajiriwa na chuo kufundisha semina na kusahihisha mitihani. Nalipwa dola 3,800 kwa mwezi kabla ya makato. Nusu inamezwa na kodi ya chumba, na kila mwezi namtumia mama chochote. Juzi mwenzangu wa chama cha wafanyakazi wanafunzi, kilicho chini ya chama kikubwa cha kitaifa kiitwacho UAW, kaniletea fomu: nikitia saini nitakatwa asilimia 1.44 ya mshahara. Marehemu baba alikuwa mwalimu. Alikatwa ada ya chama mpaka anastaafu, na alichokiona ni fulana za Mei Mosi. Isitoshe, niko huku kwa viza ya mwanafunzi, na profesa wangu hapendi habari za migomo. Nijiunge au nikae kando?

Mwana wa Mwalimu

Mwanangu,

Tuanze na hesabu. Asilimia 1.44 ya dola 3,800 ni dola 55 hivi. Kwa mama ni zaidi ya laki moja, kwa hiyo sikushangai ukisita. Tena hakuna wa kukushurutisha: tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya mwaka 2018, mfanyakazi wa umma asiye mwanachama halazimishwi kulipa hata senti. Wenzako wa vyuo binafsi wasiige jibu hili, kwa kuwa katika baadhi ya majimbo mkataba unaweza kumdai ada hata asiyejiunga.

Sasa tazama na upande wa pili. Novemba 2022, wafanyakazi wa kitaaluma wapatao 48,000 wa Chuo Kikuu cha California, wote chini ya UAW, ambacho asili yake ni chama cha watengeneza magari, waligoma, na mgomo ukadumu takriban wiki sita. Kabla ya hapo, kima cha chini cha mwalimu msaidizi kilikuwa kama dola 23,000 kwa mwaka wa masomo. Mkataba waliorudi nao ulikipandisha hadi kama dola 34,000 kufikia mwaka 2024. Nyongeza ile walipewa wote, waliolipa ada na wasiolipa. Kwetu asiyechangia harusi hapewi kadi. Huko mkataba unamlisha hata mdoezi. Ndiyo maana kukaa kando kunavutia, na ndiyo maana wengi wakikaa kando chama hukosa nguvu ya kudai mkataba ujao.

Kuhusu viza, jitulize. Haki ya kujiunga na chama haiangalii uraia. Viza yako inasimama juu ya masomo ya muda wote na kutozidisha saa 20 za kazi kwa wiki wakati wa muhula. Kadi ya chama haimo. Mgomo ukitangazwa, hapo nenda kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni ukaulize, na ujue kwamba siku usizofanya kazi mshahara unaweza kusimama.

Kwenye fomu, jihadhari na jambo moja. Ukikuta kisanduku cha kuchangia mfuko wa siasa, kiache kitupu. Mchango huo ni wa hiari na hauhusiani na ada, na sheria ya Marekani inamkataza mgeni asiye na ukaazi wa kudumu kuchangia uchaguzi.

Profesa naye ana haki ya kutopenda migomo, lakini kukuadhibu kwa uanachama ni kuvunja sheria. Huna haja ya kumtangazia. Akikutishia, andika tarehe na maneno aliyoyasema, kisha umwone mwakilishi wa chama idarani kwenu.

Limebaki la mzee, nalo naona ndilo linalokuuma. Mzee alikatwa ada asiulizwe jambo, na uchungu wake ulikuwa wa haki. Ila dawa unayotaka kuinywa wewe itakufikisha palepale: utakuwa na fedha zako mfukoni, lakini mkataba unaopanga mshahara wako, bima yako na saa zako utapigiwa kura na wengine. Wanaopiga kura ya kuupitisha au kuukataa ni wanachama. Yeye alilipa bila kusikilizwa. Wewe unataka kunyamaza bila kulipa.

Ushauri wangu ni ujiunge, lakini usijiunge kimyakimya. Kabla ya saini, soma kifungu cha kujitoa, maana fomu nyingi huruhusu kusitisha makato katika kipindi maalumu tu cha mwaka. Andika tarehe hizo. Ukishaingia, nenda mkutanoni uulize ada inagawanywaje kati ya tawi, makao makuu na mfuko wa mgomo. Vyama vikubwa vya kitaifa hupeleka hesabu zao Wizara ya Kazi ya Marekani kila mwaka, na yeyote anaweza kuzisoma. Mama mweleze mapema kwamba unachomtumia kitapungua kidogo, na sababu umwambie. Mke wa mwalimu ataelewa.

Ukijipa mwaka mmoja wa kuuliza na usipate majibu, jitoe kipindi kikifika. Hapo utakuwa na sababu yako mwenyewe, si ya kurithi.

Shangazi