Dawa ya Magugu Nyumbani: Iue Magugu, Isidhuru Watu

Mvua zikianza, uwanja wa nyumba hubadilika kwa siku chache tu. Ukoka tulioupanda ili kuzuia vumbi huvamiwa na kishonanguo, mchicha wa porini na mbigili zinazochoma miguu ya watoto. Hapo wengi wetu hukimbilia duka la pembejeo kununua dawa ya magugu. Mwezi huu tujifunze namna ya kuitumia dawa hiyo bila kuleta msiba nyumbani. Tutaanza na dawa yenyewe, kisha tutafika kwenye jambo linalohatarisha watoto kuliko yote: dawa iliyobaki.

1. Je, dawa inahitajika?

Uwanja mdogo hauhitaji dawa. Jembe na mikono ya familia vinatosha, hasa tukiyang'oa magugu ardhi ikiwa na unyevu na kabla hayajatoa maua na mbegu. Tena tusiukate ukoka mpaka ardhi ionekane. Ukoka mzito hufunika udongo, na mbegu za magugu hukosa mwanga. Dawa ni kwa ajili ya eneo kubwa lililoshinda nguvu za jembe.

2. Tuchague dawa ipi?

Dawa za magugu haziko sawa. Ile iitwayo 2,4-D, iliyoanza kutumika miaka ya 1940, huiga homoni inayokuza mimea. Magugu ya majani mapana hukua ovyo, hujipinda na kufa, lakini nyasi kama ukoka hubaki. Glaifosati huua majani mapana na ukoka pamoja. Parakwati huunguza kila kitu cha kijani, na ni sumu kali mno kwa binadamu. Nchi nyingi zimeipiga marufuku; Umoja wa Ulaya uliiondoa mwaka 2007. Hii haifai kabisa kuwekwa nyumbani.

Kwa hiyo tusimwambie muuzaji "nipe dawa ya majani" tu. Tumweleze tunataka kuua magugu gani na kubakiza nini. Tununue chombo kilichofungwa, chenye lebo tunayoweza kuisoma, na kilichosajiliwa na mamlaka ya viuatilifu ya nchi. Tuangalie pia mstari wa rangi ulio chini ya lebo: nyekundu ni sumu kali sana, ikifuatiwa na njano, kisha buluu, na mwisho kijani. Hata ya kijani si maji ya kunywa.

3. Kupima na kupulizia

Tufuate kipimo cha lebo. Kwa mfano, lebo ikisema mililita 100 kwa bomba la lita 20, basi kwa lita 5 za maji tutaweka mililita 25. Kuzidisha dawa hakuharakishi kazi. Kunaunguza ukoka na kupoteza fedha. Kijiko na kikombe cha kupimia visirudi jikoni kamwe.

Anayepulizia avae nguo za mikono mirefu, suruali ndefu, mabuti, glavu za mpira na miwani ya kukinga macho, kwa maana 2,4-D inaweza kuumiza macho vibaya. Watoto na mama wajawazito wasifanye kazi hii. Tundu la bomba likiziba, tusilipulize kwa mdomo. Tulisafishe kwa maji na kijiti laini. Hakuna kula wala kuvuta sigara wakati wa kazi.

Tupulizie asubuhi au jioni, upepo ukiwa mdogo, na mvua isiwe karibu. Dawa hii ikipeperushwa huharibu maharage, nyanya, pamba na mipapai. Ugomvi mwingi na jirani unaweza kuepukwa kwa kumpa taarifa mapema na kusubiri upepo utulie. Watoto, kuku na mbuzi wakae mbali mpaka dawa ikauke na muda uliotajwa kwenye lebo upite. Majani yaliyopuliziwa tusiwape mifugo wala kuyatandaza kwenye bustani ya mboga.

Baada ya kazi tuoge kwa sabuni, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Tukumbuke kwamba mwaka 2015 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka 2,4-D katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Hiyo ni sababu nyingine ya kuitumia kwa nadra na kujikinga.

4. Dawa iliyobaki

Hapa ndipo penye msiba. Mtu ananunua dawa ya kupima, anawekewa katika chupa ya soda au ya maji, kisha anaiweka chini ya kitanda. Dawa nyingine zina rangi ya kahawia kama soda. Mtoto mwenye kiu hawezi kujua tofauti, na hata mtu mzima gizani anaweza kukosea. Parakwati, hata funda moja linaweza kuua, na haina dawa ya kuiondolea nguvu.

Basi iwe sheria ya nyumba: dawa ikae katika chombo chake cha asili, na lebo yake, ndani ya sanduku lenye kufuli, mbali na chakula. Tusikubali kupimiwa kwenye chupa ya kinywaji. Chombo kikiisha tukisuuze mara tatu, maji hayo tuyamimine ndani ya bomba na kuyapulizia mahali palepale, kisha tukitoboe. Kisitumike kuchotea maji, mafuta wala pombe.

5. Huduma ya kwanza

Dawa ikiingia machoni, tuoshe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15. Ikimwagikia mwilini, tuvue nguo na kuosha kwa maji mengi na sabuni.

Mtu akiinywa, tusimtapishe wala kumpa maziwa tukidhani yataondoa sumu. Aliyezimia asipewe chochote mdomoni. Alazwe kwa ubavu. Tumpeleke hospitali mara moja, pamoja na chombo chenye lebo, ili mganga ajue sumu gani. Tusingoje dalili. Aliyekunywa parakwati anaweza kuonekana mzima kwa siku kadhaa, kumbe mapafu yanaharibika.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

1. Je, kuna dawa yoyote nyumbani kwetu iliyo ndani ya chupa ya soda au maji? Iko wapi sasa?
2. Ufunguo wa sanduku la dawa atautunza nani?
3. Usiku, tukipata mgonjwa wa sumu, tutampeleka wapi na kwa usafiri gani?

Swali la kwanza lisingoje kesho. Tuinuke tukatazame leo.