Tarakilishi Iliyozirai Kila Tulipoipa Kisogo

Nusu ya jarida hili ulilolishika mkononi ilipigwa taipu mara mbili. Mara ya kwanza tulikuwa tumefika ukurasa wa 11, katika ile tarakilishi iliyo karibu na dirisha kwenye maabara ya kompyuta, kengele ya chakula cha jioni ikalia. Tukatoka mbio, si unajua foleni ya siku ya chapati ilivyo? Tuliporudi, kiwambo kilikuwa cheusi tititi. Tukasukuma kipanya, wapi! Tukagonga kibodi, kimya. Mwishowe kiranja wa maabara akakibinya kitufe cha kuzimia mpaka mashine ikafa kabisa, na kazi yote ambayo hatukuwa tumeihifadhi ikaenda na maji. Humo mlikuwamo shairi la beti nane la mwanachama wetu mgeni, ambaye alilitunga papo hapo kwenye mashine bila kuliandika daftarini. Msichana wa watu alilia.

Basi kila mtu akaja na mshukiwa wake. Wengine walisema ni virusi. Wengine, stima. Mimi nilishikilia kuwa ni joto na vumbi, nikaifungua mashine na kuipangusa kwa brashi kwa bidii ya mja. Kesho yake ikaganda tena! Mwalimu mlezi wa chama alituuliza swali moja tu: "Mmeandika ni saa ngapi huganda, na huwa inafanya nini?" Tukatazamana.

Tukaanzisha daftari. Kwa siku tisa tuliandika kila tukio, na hapo ndipo mambo yalipoanza kujitokeza. Iliganda mara sita, na mara zote sita hakuna mtu aliyekuwa akiigusa. Hili lilinivunja nguvu mimi na vumbi langu, kwani mashine inayougua joto aghalabu huzidiwa ikiwa kazini, wala si ikiwa imepumzika. Kumbukumbu ikiwa mbovu, nayo haichagui. Ingeganda hata katikati ya sentensi. Yetu iliwasubiri watu waondoke kwanza.

Tukafungua mipangilio ya umeme. Humo mna mambo mawili ambayo wengi wetu huyachanganya: kuzima kiwambo, na kuilaza mashine nzima. Yetu ilikuwa imeagizwa kuzima kiwambo baada ya dakika 10. Tukabadilisha jambo moja moja, maana ukinywa dawa mbili kwa pamoja ukapona, utajuaje ni ipi iliyokutibu? Kwanza tuliamuru mashine isilale kamwe, lakini kiwambo kizimwe baada ya dakika 1. Tukakaa tukiitazama kama paka kwenye tundu la panya. Kiwambo kikizimika, tunaguse kipanya, kinawaka. Mara ya nne kikakataa. Halafu tukaamuru kiwambo kisizimwe kamwe, tukaiacha tangu Ijumaa jioni hadi Jumapili. Haikuganda hata mara moja. Kulala hakukuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika kuzima na kuwasha kiwambo.

Kwa nini jambo dogo hivyo liangushe mashine nzima? Zamani kiwambo kiliwaka mchana na usiku. Mwaka 1992 serikali ya Marekani ilianzisha mpango wa Energy Star wa kuvitambulisha vifaa visivyokula umeme ovyo, na kompyuta na viwambo vyake vilikuwa vya kwanza. Mwaka 1993 shirika la VESA likatoa utaratibu uitwao DPMS, ambao kadi ya picha huutumia kukiambia kiwambo kipumzike. Mnamo Desemba 1996 ukafuata ACPI, unaouwezesha mfumo wa uendeshaji kusimamia umeme wa mashine yote. Siku hizi kiwambo kikizimika, kadi ya picha yenyewe hupunguza mwendo na umeme wake. Ukigusa kipanya, lazima iamshwe, na anayeiamsha ni programu iitwayo dereva. (Tulipolisikia neno hilo mara ya kwanza tuliuliza ni dereva wa matatu gani. Mimi naona "mkalimani" lingefaa zaidi, kwa sababu kazi yake ni kuifasiria kadi maneno ya mfumo. Chama kinaweza kulijadili.) Sasa mkalimani akikosea neno moja wakati wa kuamsha, kadi haijibu, na mfumo unabaki ukingoja. Windows, tangu toleo la Vista lililouzwa kwa umma mwaka 2007, kwa kawaida hungoja sekunde 2, kisha hujaribu kuianzisha kadi upya. Ikifaulu, kiwambo hupepesa na wewe unaendelea. Ikishindwa, ndio hayo yaliyotupata.

Kabla ya kumlaumu dereva, bonyeza Caps Lock. Jamani, jaribio hili ni la bure na sijui kwa nini hatukuanza nalo! Taa yake ikiwaka na kuzimika, mashine ingali hai na aliyepotea ni kiwambo tu: angalia waya, kisha kwenye Windows 10 au 11 bonyeza kwa pamoja Windows, Ctrl, Shift na B, ili dereva wa picha aanze upya. Huenda ukaokoa kazi yako. Yetu taa haikutikisika.

Baadaye tulifungua daftari la matukio la mashine yenyewe (andika eventvwr kwenye nafasi ya kutafutia). Tukakuta nambari 41, maana yake mashine iliwaka upya bila kuzimwa ipasavyo. Hiyo tuliijua, tulikibinya kitufe wenyewe. Iliyotufaa ni nambari 4101, iliyoandikwa mara tatu: dereva wa picha aliacha kujibu, akaamka. Kumbe alikuwa akizirai hata siku ambazo hatukuona kitu.

Tukaenda kwenye orodha ya vifaa, tukatazama tarehe ya dereva. Alikuwa mpya, ameingia mwenyewe kupitia intaneti wakati wa likizo. Tulimwondoa, mashine ikatumia yule wa kawaida anayekuja na Windows. Picha zilikuwa kubwa na za kukwaruza macho, lakini haikuganda. Kisha tukamweka yule aliyetolewa na watengenezaji wa mashine hiyo, wa zamani kidogo, tukarudia jaribio la dakika 1 mara 20. Mara zote 20 kiwambo kiliwaka. Kama angeshindwa, tulikuwa tujaribu kuzuia uokoaji wa umeme kwenye njia ya PCI Express, katika mipangilio ya ndani zaidi ya umeme. Hatukuhitaji.

Wapo waliosema tungeacha tu kiwambo kiwake daima, yaishe. Hiyo ni panadoli. Tena nani angelipa stima? Kiwambo sasa huzimika baada ya dakika 10 kama awali.

Mwenye shairi alikaa na sisi jioni mbili akikumbuka mishororo yake kimoja kimoja, huku akihesabu mizani kwa vidole. Utalisoma humu jaridani. Lina beti saba.